Shirika Lisilo na Viti

Tangu viti vipigwe marufuku makazini ili mambo yaende kasi, Sekela wa Shirika la Maji hushinda wima. Kila asubuhi kikosi chake husimama duara, na kila mmoja hueleza alichofanya jana, atakachofanya leo, na kinachomkwamisha. Mabosi nao siku hizi huitwa wawezeshaji. Lakini kubadilisha bomba moja bado kunataka sahihi ya ghorofa ya kumi, na huko juu, wanasema wafagiaji, viti vimejaa tele.

Jioni moja Sekela alifika nyumbani miguu ikiwaka moto. Mumewe, Ambakisye, alikuwa ameketi sebuleni, ndoo tupu mbele yake.

“Mama Tupo, bomba la mtaa wetu si mlisema mtalibadilisha tangu masika?”

“Jana nilisubiri kibali,” Sekela alijibu, mikono nyuma. “Leo nimesubiri kibali. Kinachonikwamisha ni kibali.”

Ambakisye alinyanyuka na kumsogezea kiti.

“Kaa basi, mke wangu. Hapa ni kwako.”

Sekela alikitazama kile kiti. Alibaki wima.

“Kibali kimetoka?” aliuliza.