Mzazi Haruhusiwi Kudakia

Mjini Korogwe hakukuwa na baba hodari wa kunyamaza kama Shekue. Yeye mwenyewe alilitangaza hilo katika kila kijiwe, tena kwa kelele. Kunyamaza kwa mzazi kulikuwa sheria. Mtoto aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya kike wala ya kiume moja kwa moja hakuguswa na kisu wala dawa ya kumbadilisha, mpaka atimize miaka kumi na mitano aulizwe mwenyewe. Mzazi akimdakia jibu, kikao kinasogezwa mwaka mzima.

Siku ikafika. Daktari akamuuliza Kiango, mtoto wa Shekue, "Haya mwanangu, mwili ni wako. Unataka tukusaidie nini?"

"Hataki kitu!" Shekue akadakia, kifua mbele. "Mtoto wangu huyu kaumbwa akaumbika! Mnamwona alivyo?"

Daktari akatabasamu, akafunga faili. "Tuonane mwakani, baba."

Nyumbani, Mama Kiango aliwapokea mlangoni. "Wamesemaje?"

"Daktari ana udhuru," Shekue akajibu, akivua viatu taratibu. "Mimi hata kukohoa sikukohoa."

Kiango akamtazama baba yake, bila hasira.

"Mama, alidakia. Na nilichotaka kusema mimi sicho alichosema."