Kaburi la Mkata Miti

Mkesha wa Watakatifu Wote, majani ya misipresi yakipukutika, kila ukoo ulikuwa nyuma ya kanisa ukiyapaka makaburi yake chokaa. Odile alianza na la yule mkata miti mgeni, asiye na ndugu.

"Dada, babu hajaguswa, nawe unahangaika na mtu baki!" mdogo wake wa kiume alifoka.

"Mtu baki huyu alimtoa mama kwenye mafuriko, akarudi kuwaokoa wengine, akazama. Bila yeye wewe ungezaliwa na nani?"

Majirani waliangua kicheko. Chokaa ilimchuruzika Odile hadi viwikoni, asiache.

Padri alifika na maji ya baraka. "Hili ni la ukoo gani?"

Kabla Odile hajafungua mdomo, mdogo wake alivua kofia.

"La kwetu, Padri," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.