Usingizi wa Sikudhani

Tangu mama yao afariki, Mwajabu alikuwa na miezi minne bila usingizi wa maana. Kilichomuuma zaidi ni kumwona dada yake, Sikudhani, akilala hata mchana, mdomo wazi, kama mtoto aliyeshiba. Alimwonea wivu mpaka akaanza kumchukia.

Siku hiyo, baada ya chakula cha mchana, alifungua kichupa cha dawa ambazo dada yake aliandikiwa kwa maradhi ya akili, akatoa kidonge kimoja.

"Kirudishe," Sikudhani alisema kutoka mkekani. Kumbe alikuwa macho.

"Kimoja tu, dada. Wewe unalala, mimi nakesha."

Sikudhani akaunyoosha mkono wake. Vidole vilikuwa vikitetemeka. "Hii ni kazi ya dawa. Unene huu pia, na sukari inayonipanda. Navumilia kwa sababu nisipokunywa, nasikia watu wakinituma nijitupe kisimani. Wewe nani anakutuma?"

"Hakuna."

"Siku tunamzika mama, ulilia mpaka ukashikiliwa. Mimi, kwa dawa hizi, nilitafuta chozi, sikulipata. Nilikuonea wivu, Mwajabu. Mpaka leo nakuonea. Kesho twende zahanati, ukamweleze daktari ya kwako."

Mwajabu akakitazama kidonge kwa muda, kisha akakirudisha. Sikudhani akasogea ukutani, akamwachia nusu ya mkeka. Mwajabu akajilaza kando yake, macho wazi, akisikiliza pumzi za dada yake zikianza kuwa nzito.