Ufunguo Wangu

"Una bahati, mwenzangu!" Rafiki yangu wa darasani aliupokea ufunguo kwa mikono miwili. Ulikuwa na joto. Ulishinda shingoni mwangu. "Kwetu tuko kumi na mmoja, na hakuna mwenye ufunguo. Mlango haufungwi."

Kwetu tuko watatu, kila mtu na wake. Mama husema familia yenye raha ni ile isiyosumbuana.

Rafiki yangu akafungua mlango wetu, akavua viatu, akaita kama anavyoita kwao.

"Hodi jamani! Tumerudi!"

Akasimama pale, anatabasamu, anasubiri. Friji ikanguruma.

"Hodi?" Safari hii kwa sauti ya chini.

Nikampita mbio hadi jikoni, nikajibanza nyuma ya mlango, nikasafisha koo.

"Karibuni, wanangu," nikaitikia, kwa sauti ya Mama.