Msitu wa Kwenye Dari

“Lala chini,” mwenye nyumba alisema. “Chali. Halafu uniambie unaona nini.”

Mama Makopo alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Watu walimbandika mpambaji huyu jina hilo kwa sababu alipamba sherehe kwa vitu ambavyo wengine hutupa: makopo, chupa za plastiki, trei za mayai. Wateja wasumbufu alikuwa amewaona wa kila aina, lakini wa kumlaza sakafuni huyu alikuwa wa kwanza.

Akalala.

“Naona tumbo la joka.”

“Umeona? Uso wake hauonekani. Ligeuze liangalie chini.”

“Mama, joka linatakiwa liwakodolee macho wageni pale mlangoni. Ndiyo raha yake.”

“Ligeuze tu, dada. Tafadhali.”

Mama Makopo alijizoazoa, akapanda ngazi tena huku akisonya moyoni.

Kazi yenyewe aliipokea kwa furaha. Mwenye nyumba alimwambia binti yake anatimiza miaka minane, anapenda hadithi za majoka na vibwengo kuliko chakula, na safari hii anataka msitu unaong’aa. Sharti lilikuwa moja: kila kitu kitokane na vitu vya nyumbani mwao, ili mtoto avitambue. Akampa gunia zima. Mlikuwa na chupa za maji, vikombe vya mtindi, na vichupa vya dawa, vingi ajabu.

Na Mama Makopo alijituma. Vitako vya chupa alivikata vikawa maua. Vikombe vya mtindi alivipaka rangi nyekundu yenye madoa meupe vikawa uyoga. Ndani ya vichupa vya dawa alitia taa ndogo za betri, kukawa na vimulimuli. Joka alilijenga kwa trei za mayai, gamba kwa gamba, mpaka vidole vikamchubuka. Mapazia yalipofungwa, sebule nzima ikawaka kijani na dhahabu.

Hapo ndipo visirani vilipoanza.

Uyoga alikuwa ameupanga chini, kandokando ya ukuta. “Toa,” mwenye nyumba akasema. Maua aliyazungushia dirisha. “Toa. Vyote viende juu.”

“Uyoga huota chini, mama.”

“Huu wetu utaota darini.”

Ikawa ni kupanda na kushuka ngazi. Gundi ikakataliwa kwa sababu ya harufu. Vumbi la kumetameta alilonyunyizia mabawa ya vibwengo likafutwa lote kwa kitambaa kibichi, maana mwenye nyumba hakutaka idondoke hata chembe. Makochi yakatolewa nje. Shingo ya Mama Makopo ikakakamaa kama mti, na kuta nne zilizobaki tupu zikawa zinamzomea.

Baba wa nyumba naye alipiga magoti mlangoni, bisibisi mkononi, akifungua bawaba.

“Shemeji, huo mlango nao umekosa nini?”

“Mwembamba,” alijibu bila kugeuka.

Mama Makopo akashusha pumzi. Nyumba ya wendawazimu, aliwaza.

Jioni ilipokaribia, mwenye nyumba alijilaza mwenyewe sakafuni, akanyoosha kidole. “Yule farasi mwenye mabawa yuko pembeni mno. Mlete katikati.”

Mkasi ukatupwa mezani kwa kishindo.

“Mimi ni mpambaji, si popo!” Mama Makopo alifoka. “Kutwa nzima unanining’iniza! Huyo mtoto ataingia hapa mbio, atacheza, atakula keki, atatoka. Juu hataangalia hata mara moja. Nani anakwenda kwenye sherehe kutazama dari?”

Mwenye nyumba alishusha kidole. Akainuka, akaingia jikoni. Maji ya bomba yakasikika yakimwagika kwa muda mrefu. Pale mlangoni, baba wa nyumba alibaki ameshika bisibisi hewani, hajageuka, wala haendelei na kazi.

Mwenye nyumba aliporudi, uso ulikuwa umelowa. “Nimalizie tu, dada,” alisema taratibu. “Nakuomba.”

Mama Makopo alimaliza. Hakumaliza kwa mapenzi. Alimaliza kwa sababu jina lake halikuwahi kuacha kazi nusu. Alimleta farasi katikati, akateremka, akajinyoosha sakafuni bila kuambiwa, atafute kosa kabla hajatafutiwa. Hakuliona. Kutoka pale chini, ilibidi akubali, msitu ulikuwa umekamilika. Lakini uzuri wa kutazamwa na zulia ulikuwa na faida gani?

Wageni wakaanza kuingia: watoto wa darasa moja na binti, wamevaa wakapendeza, zawadi mikononi. Nao walikuwa wa ajabu. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyegombania puto. Walijipanga ukutani kimya kama wanaosubiri mtihani, wakiacha katikati wazi.

Nje, gari likasikika likirudi kinyumenyume hadi karibu kabisa na kizingiti.

“Washa, dada!” mwenye nyumba alisema.

Mama Makopo akawasha taa zote. Kisha akasimama karibu na ukuta, mikono kifuani, akisubiri mtoto mtundu aingie mbio, apite chini ya kazi yake ya kutwa nzima bila kuinua kichwa.

Waliingia kwanza wanaume, wanne, baba wa nyumba akiwa mmoja wao, hatua kwa hatua, wamebeba kitanda chembamba cha chuma. Juu yake alilala chali msichana aliyefungwa plasta ngumu ya hospitali tangu kidevuni hadi magotini, na kilichosogea kwake kilikuwa macho tu: kulia, kushoto, kulia tena.

“Baba, msiende haraka,” alinong’ona. “Bado naangalia.”