Ndimi Mbili, Glasi Moja

Zama hizo wanandoa waliunganishwa ndimi siku ya harusi, hivyo alichoonja mmoja, mwenzake alikionja hukohuko aliko. Sekela alikuwa ameolewa miaka mingi na hakuona ajabu yoyote, mpaka alipokwenda kutembea Arusha na kujiunga na darasa la kuchanganya vinywaji vya jini, ile pombe kali.

Mwalimu, dada mmoja mcheshi aitwaye Naserian, aliwapa ndimu, tangawizi, asali na mbegu za mreteni, zile zinazoipa jini ladha yake, zenye harufu ya msituni. Sekela alitikisa chombo chake kwa mbwembwe, akamimina, akaonja. Simu ikalia papo hapo.

"Mama Gwakisa! Niko mazoezi ya kwaya, mchungaji ananitazama!" mumewe, Ambakisye, alinong'ona kutoka Tukuyu.

"Wewe imba tu, baba. Anayekunywa ni mimi."

Darasa zima likaangua kicheko.

"Basi ongeza asali," akasema Ambakisye. "Na tangawizi punguza, inaniwasha."

Sekela akatengeneza kingine kama alivyoambiwa. Safari hii kikashuka laini, na wenzake wakakisifu.

"Shemeji amekipenda," Naserian akasema. "Na wewe mwenyewe unakionaje?"

Sekela akainua glasi. Akaonja tena, polepole, akitafuta ladha ya ulimi wake mwenyewe. Mdomo ukamjaa ladha ya maandazi ya moto. Kwaya ilikuwa imepumzika, na Ambakisye alikuwa anakula.

"Kitamu sana," akajibu, na watu wakampigia makofi.