Taa ya Mlangoni Kwangu

Mtaa wetu huongezewa huduma mpya pale tu taa za milango yote, zinazosoma nyuso zetu, zinapowaka kijani: kila mtu ana furaha. Yangu ilibaki nyekundu tangu nimzike mume wangu, Mshamu. Mtaa mzima ukakosa bomba la maji kwa sababu yangu.

Majirani, ambao zamani wangekuja kulia nami, walikuja na vichekesho. Matanga gani hayo, jamani!

"Jikaze, dada," alinisihi Mwanaiba. "Watoto wetu wanakunywa maji ya chumvi."

Nikamkumbuka Mshamu akiimba bafuni, vibaya mno, nikacheka. Taa ikageuka kijani. Nje wakapiga vigelegele.

Sasa kila asubuhi nafungua bomba letu jipya, nanawa uso taratibu sana. Taa bado haijajua kutofautisha maji na machozi.